Bute haipimi kina: mashimo ya rulma kwenye magurudumu ya chukudu

Ateliye moja ya maseremala huko Majengo, Goma, ilipata oda ya chukudu nne (skuta za mbao za kubebea mizigo), yaani magurudumu manane, kila gurudumu likiwa na rulma mbili, au beringi kama wanavyosema wa upande wa Kenya na Tanzania, za namba 6203. Upande wa kwanza wa magurudumu yote ulipokwisha kutobolewa, mashimo yalikuwa na kina cha kuanzia 10.7 mm hadi 13.9 mm. Kilichotakiwa ni 12 mm. Lawama zote ziliangukia mashine ya kutobolea, ambayo ni ya zamani na ilinunuliwa mtumba, pamoja na bute yake, yaani kizuizi kinachosimamisha meshi (chuma cha kutobolea) isishuke zaidi. Mashine ilikuwa na kosa lake, lakini si lile kubwa.

Tuanze na sababu ya kugombania milimita moja kwenye kitu cha mbao. Rulma 6203 ina tundu la 17 mm, kipenyo cha nje cha 40 mm na unene wa 12 mm. Gurudumu hili lina unene wa 60 mm kwenye kitovu. Ukichimba 12 mm kila upande, katikati inabaki mbao ya 36 mm, na ndani yake inapita tuyo ya chuma (bomba fupi) ya urefu wa 36 mm inayokaa kati ya pete za ndani za rulma mbili. Tuyo hiyo ndiyo inayopokea nguvu ya ekru (nati) za ekseli. Mbao ya katikati ikiwa 37 mm na tuyo ni 36, fundi akikaza ekru anazivuta pete za ndani zikaribiane wakati pete za nje zimezuiwa na mbao. Golori zinabanwa kwa ubavu, gurudumu linakuwa zito, na rulma inaanza kulia baada ya safari chache. Mbao ikiwa 35 mm, tuyo inazizuia rulma zisifike chini ya shimo. Zinabaki zimeshikwa nusu, na mzigo wa kabichi na viazi ukiteremka kutoka Kibumba unazisukuma huku na huku mpaka shimo linakuwa pana. Wasukuma chukudu wanajua gurudumu linalocheza linavyochosha mikono. Kwa hiyo hapa kipimo cha kuvumiliwa si kikubwa: robo ya milimita kwenye mbao ya katikati, si zaidi.

Mashine yenyewe ni ya nguzo ya duara, meza yake inapanda na kushuka, na haina kitabu wala kibao kinachosomeka. Ukitaka kujua asili yake, pima tije ya bute, ile fimbo yake ya chuma yenye meno ya skurubu. Hii ilikuwa na kipenyo cha 9.5 mm na meno 16 katika urefu wa 25.4 mm. Hiyo ni tije ya inchi, tatu kwa nane, meno 16. Mzunguko mmoja wa ekru yake ni 1.59 mm. Mizani iliyochorwa kando ya tije nayo ni ya inchi, mistari ya sehemu ya kumi na sita. Hapo 12 mm haina mstari wake: mistari saba ni 11.1 mm, mistari minane ni 12.7 mm. Kukisia katikati ya mistari miwili iliyofutika nusu si kupima. Ushauri ni mmoja tu: isahau hiyo mizani, usiitumie hata kidogo. Kazi hii ina njia nyingine, iliyo bora, na itakuja hapa chini.

Bute ya aina hii hufanya kazi hivi. Chini ya lile bomba la chuma (mafundi wengine huliita furo) linaloshuka na mandreni, yaani kishikio cha meshi, kuna kola iliyopasuliwa upande mmoja na kukazwa kwa bolti. Kwenye kola imesimama tije yenye meno. Tije inapita ndani ya sikio la chuma cha kalibu lililo kwenye kichwa cha mashine, na juu ya sikio kuna ekru mbili. Ukivuta mkono, bomba linashuka na tije inashuka nalo mpaka ekru ya chini inagonga sikio. Hapo ndipo mwisho. Ekru ya pili ipo kwa kazi ya kuifunga ya kwanza isitembee.

Sasa tazama maneno hayo tena. Hakuna mahali bute inapogusa kazi yako. Haijui uso wa mbao uko wapi. Inachojua ni umbali kati ya ncha ya meshi na kichwa cha mashine, na kwa kuwa meza imefungwa kwenye nguzo hiyohiyo, inachotoa ni umbali kati ya ncha ya meshi na meza. Kina cha shimo ni kile kinachobaki baada ya kutoa umbali huo kwenye unene wa mbao. Mbao ikizidi unene kwa milimita, shimo linazidi kina kwa milimita, na bute imefanya kazi yake sawasawa kabisa.

Ndiyo maana kipimo cha kwanza cha kuchukua kwenye tatizo kama hili si kina peke yake. Pima unene wa kila kipande, pima kina kwa ule ulimi wa nyuma wa kalipa (kipimio cha milimita), kisha toa. Baki ndiyo inayosema ukweli kuhusu mashine. Magurudumu manane yalitoa haya, yote kwa milimita:

Gurudumu 1: unene 60.2, kina 12.4, baki 47.8
Gurudumu 2: unene 58.9, kina 11.2, baki 47.7
Gurudumu 3: unene 61.3, kina 13.5, baki 47.8
Gurudumu 4: unene 59.6, kina 11.8, baki 47.8
Gurudumu 5: unene 60.1, kina 13.2, baki 46.9
Gurudumu 6: unene 60.0, kina 10.7, baki 49.3
Gurudumu 7: unene 59.4, kina 12.0, baki 47.4
Gurudumu 8: unene 60.5, kina 13.9, baki 46.6

Manne ya kwanza yanaonekana mabaya ukitazama kina: kuna tofauti ya 2.3 mm kati ya la pili na la tatu. Tazama baki: 47.8, 47.7, 47.8, 47.8. Mashine kuukuu isiyo na jina imerudia mahali pamoja kwa sehemu ya kumi ya milimita. Kosa lote liko kwenye randa. Mkaratusi ulipasuliwa ukiwa bado na maji, ukasawazishwa kwa macho, kisha ukakauka kila kipande kwa kiasi chake. Hakuna bute duniani, mpya au ya zamani, inayoweza kurekebisha hilo.

La tano ni jingine. Unene wake ni wa kawaida lakini baki imepungua kwa 0.9 mm, maana yake gurudumu lilikaa juu zaidi ya meza kuliko mengine. Jibu lilikuwa mezani: vumbi na maganda ya mbao yaliyobanwa chini ya kipande. Meshi pana inatoa maganda mapana, na ganda moja likilala chini ya kitovu linainua kazi yote. Brashi ya rangi iliyochakaa, ikae juu ya meza, ipite kila mara kabla ya kuweka kipande. Bora zaidi ni kuweka ubao mdogo chini ya kazi, mwembamba kuliko upana wa gurudumu, ili vumbi lidondoke pembeni badala ya kukaa chini yake.

La sita lina baki kubwa, 49.3. Mashine ilifika kwenye bute lakini meshi haikufika. Mambo mawili yanaweza kuleta hali hiyo: meza kuinama au meshi kupanda ndani ya mandreni. Kutofautisha ni rahisi. Chora mstari wa kalamu kwenye shina la meshi pale linapoingia kwenye meno ya mandreni, toboa, tazama. Hapa mstari ulikuwa umemezwa. Meno ya mandreni yamelika, na ufunguo ulikuwa ukikazwa kwenye tundu moja tu. Mandreni ya ufunguo ina matundu matatu, na inatakiwa kukazwa kwenye yote matatu, moja baada ya jingine, kwa sababu meno matatu hayafungi kwa nguvu sawa ukikaza upande mmoja. Shina likiwa na mafuta, lifute kwa kitambaa na petroli kidogo. Yote haya yakifanyika na meshi bado inapanda, mandreni imekwisha, tafuta nyingine.

Meza kuinama nako si hadithi. Meshi ya 40 mm kwenye mkaratusi mkavu inadai nguvu, na meza ya nguzo ya duara imeshikwa upande mmoja tu. Ukining'inia kwenye mkono, ukingo wa mbele wa meza unashuka, bute inagonga, unaachia, na shimo ni fupi. Ukibaki chini sekunde mbili au tatu bila kuongeza nguvu, meza inarudi juu polepole huku meshi ikikata, na kina kinatimia. Kwa hiyo fanya kukaa chini kuwe sehemu ya kazi: hesabu moja, mbili, tatu, halafu inua. Kaza pia bolti ya meza kwenye nguzo. Ateliye nyingi za Goma zimejengwa juu ya mawe ya lava, mengine ya mlipuko wa volkeno wa Januari 2002, na sakafu yake haijawahi kuwa sawa. Mashine inayotikisika juu ya miguu mitatu kati ya minne inaongeza mchezo wake juu ya ule wa meza. Vipande vya tole (bati) chini ya mguu ulio hewani vinatosha.

Kati ya la sita na la saba fundi alitoa meshi, akairudisha na kuipanga bute upya, ndiyo maana baki imehamia 47.4. Lakini la nane limetoka 46.6. Hakuna vumbi, mstari wa kalamu haujasogea, na bado meshi imeshuka zaidi kwa 0.8 mm. Hapa ndipo mashine ilipokuwa na kosa la kweli.

Ekru moja ya asili ilikuwa imepotea zamani, na mtu aliweka ekru ya M10, yaani ya milimita kumi, mahali pake. Tije ya tatu kwa nane ina 9.5 mm na mwendo wa 1.59 mm kila jino. Ekru ya M10 ina mwendo wa 1.5 mm. Kwa kuwa ni pana kidogo, inaingia vizuri, inazunguka mara tatu nne, halafu inabana. Mkono unahisi kubana huko ukadhani ekru imefungwa. Haijafungwa. Meno ya tije na ya ekru yamepishana, yanagusana mahali pamoja au pawili tu, na ndipo nguvu yote ya kugonga sikio inapopokelewa. Kila pigo linakula chuma kidogo, na siku moja ekru inaruka nusu jino. Nusu ya 1.59 ni 0.8. Ndicho kilichotokea kwenye gurudumu la nane. Ekru ya asili, iliyopaswa kuizuia, ilikuwa juu yake ikiwa imelegea, kwa sababu mafundi waliona ile ya chini "inabana yenyewe".

Kutafuta ekru ya inchi ya meno 16 kwenye maduka ya Birere ni kupoteza siku. Badilisha tije yote. Kipande cha tije ya M10 cha urefu uleule na ekru tano za M10, mbili za kola na tatu za bute, vinapatikana kwa yeyote anayeuza vis na bolti. Kazi ni ya saa moja:

Toa tije ya zamani na kola. Tundu la kola lenye meno ya inchi usilipitishie meno mapya ya M10, kwa sababu meno ya zamani yamekwisha kula chuma ambacho meno mapya yangekihitaji. Yatakuwa membamba na yatachomoka. Litoboe liwe tundu tupu la 10.5 mm, kisha funga tije kwa ekru moja juu ya kola na moja chini yake. Tundu la sikio nalo lipanue hadi 10.5 mm. Chuma cha kalibu kinatoboka vizuri kikiwa kikavu, bila mafuta, kwa mwendo mdogo, lakini meshi inapokaribia kutoka upande wa pili punguza nguvu, maana ukingo unaweza kumeguka. Piga msasa au faili kidogo juu ya sikio mpaka pawe tambarare na pa mraba na tije. Sikio lililochakaa upande mmoja linaifanya ekru ikae kimshazari, na hapo kila pigo linatoa kina chake.

Unaporudisha kola, isukume mpaka mwisho wa bomba na uikaze, lakini si kwa nguvu zote. Ndani ya sehemu ile ya bomba kuna rulma ya chini ya shafti. Kola ikikazwa kupita kiasi inaliminya bomba, na mashine inaanza kupata moto na kunguruma. Kaza, shusha na kupandisha bomba kwa mkono, zungusha mandreni kwa vidole. Kama kuna mahali pagumu ambapo hapakuwapo, legeza robo. Halafu vuta mstari wa rangi unaoanzia kwenye kola na kuingia kwenye bomba. Siku kola itakapoteleza, mstari utakatika na utaona kabla ya kuharibu mbao.

Faida moja ya M10 hupendeza sana. Mzunguko mmoja ni 1.5 mm. Ekru ina pande sita. Upande mmoja wa ekru ni robo ya milimita kamili. Ukitaka shimo lizidi kwa nusu milimita, pandisha ekru pande mbili. Hakuna mizani ya kusoma, hakuna kukisia. Weka doa la rangi kwenye upande mmoja wa ekru ili uhesabu bila kupotea.

Neno kuhusu mashine nyingine, kwa sababu si zote zina tije. Nyingi zilizotoka Taiwani zina pete yenye namba kwenye kitovu cha mkono, na skurubu ya kuifunga. Pete hiyo inazuia mkono, hailizuii bomba. Kati ya mkono na bomba kuna gia na meno yaliyochongwa kwenye bomba, na kwenye mashine iliyotumika sana meno hayo yana ulegevu. Unapobonyeza, meshi inasukumwa juu na mbao na ulegevu wote uko upande mmoja. Mkono ukifika kwenye pete na mbao ikaacha kusukuma, bomba linadondoka kwa uzito wake kiasi cha ulegevu ule. Kuupima ni hivi: vuta mkono ufike kwenye pete, shika mandreni, iinue na kuishusha. Ikicheza nusu milimita, hiyo ndiyo tofauti kati ya fundi anayeinua haraka na anayechelewa chini. Kwenye mbao bado unaweza kuishi nayo kwa kukaa chini kila mara hesabu ileile. Kwenye shaba nyeupe, ambayo huivuta meshi ndani, usiiamini pete. Tengeneza kola na tije kama hizi. Skurubu ya pete nayo huchimba kijishimo kwenye kitovu, na kila ukipanga karibu na kijishimo hicho inateleza kurudi humo.

Turudi kwenye magurudumu. Bute ikishakuwa imara, inabaki kupanga 12 mm bila mizani. Meshi ya kazi hii ni ile ya Forstner ya 40 mm, iliyopewa jina la Benjamin Forstner wa Marekani aliyeipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1874. Ina ukingo wa duara unaokata pembeni na mwiba katikati, na mwiba unatangulia mbele ya ukingo kwa milimita tatu hivi. Kina cha rulma kinahesabiwa kutoka kwenye ukingo. Anayeanzia kuhesabu mwiba unapogusa mbao atapata shimo fupi kwa urefu wote wa mwiba, kisha ataongeza kwa kukisia, na hapo ndipo vurugu inapoanzia. Kwa meshi ya kawaida ya chuma ni vilevile: ncha ya nyuzi 118 inachukua urefu wa 0.3 ya kipenyo, kwa hiyo meshi ya 10 mm ina ncha ya 3 mm ambayo si shimo kamili.

Toboa kwanza tundu dogo la 6 mm katikati ya kitovu, lipite upande wa pili. Tundu hilo linaupokea mwiba na kuonyesha kitovu kwa nyuma. Chomoa mashine kwenye umeme. Weka gurudumu, shusha meshi mpaka ukingo uguse uso wa mbao pande zote, na uzungushe mandreni kwa mkono uhakikishe hakuna upande unaotangulia. Funga bomba kwa skurubu yake. Kama imepotea, msaidizi aushike mkono. Chukua meshi ya chuma ya 12 mm, ipime shina lake kwa kalipa kwa sababu nyingine zina shina la 10, na iweke shina hilo likiwa limelala juu ya sikio. Teremsha ekru ya bute mpaka ilale juu ya shina bila kulibana. Toa shina. Nafasi iliyobaki chini ya ekru ni 12 mm, na ndicho kina utakachopata. Teremsha ekru ya pili, shika ya chini kwa ufunguo mmoja isizunguke, kaza ya juu kwa ufunguo wa pili. Ya tatu fanya hivyohivyo. Ni ya akiba tu, lakini kwenye mashine inayotetemeka inastahili nafasi yake.

Mkanda uwe kwenye puli ya mwendo mdogo. Meshi ya 40 mm kwenye mbao ngumu inataka mizunguko 400 hadi 500 kwa dakika. Zaidi ya hapo ukingo unaungua, unapoteza makali, na fundi anaanza kubonyeza kwa nguvu, na tumeshaona nguvu inafanya nini kwenye meza. Gurudumu lifungwe kwa klampu mbili. Mkono wa msaidizi si klampu. Jaribu kwenye kipande cha taka chenye unene uleule, pima, rekebisha kwa pande za ekru.

Upande wa pili ndio wenye akili zaidi, na ndiko kazi nyingi zinakoharibika. Ukiligeuza gurudumu na kulilaza kwenye meza, na bute ileile, kosa la unene linaingia tena kwenye mbao ya katikati. Gurudumu la 61.3 mm litabaki na 34.7 katikati, la 58.9 litabaki na 37.1, wakati tuyo zote zimekatwa 36. Dawa ni kutolilaza kwenye meza. Chonga kigogo cha duara cha mbao ngumu, kipenyo 39.5 mm, urefu 20 mm, chenye tundu la 6 mm katikati, na kikaze kwa skurubu juu ya ubao uliofungwa kwenye meza, chini ya mwiba wa meshi kabisa. Gurudumu linavishwa juu ya kigogo kwa lile shimo la kwanza. Kwa kuwa kigogo ni kirefu kuliko shimo, gurudumu linakalia sakafu ya shimo wala haligusi ubao. Ukingo wake utegemeze kwa vipande vya mbao ili lisiinamie upande mmoja, lakini visiliinue.

Sasa bute haipimi tena kutoka mezani, inapima kutoka sakafu ya shimo la kwanza, na hicho ndicho kitu ambacho rulma inakijali. Ipange kwa kipande cha mbao ngumu cha 36.0 mm chenye tundu la 6 mm: kiweke juu ya kigogo kabla ya gurudumu, shusha ukingo wa meshi mpaka ukiguse, funga bomba, teremsha ekru mpaka sikioni, kaza ya pili. Kila gurudumu litatoka na 36 katikati, liwe nene au jembamba. Na kuna zawadi ndani yake: ikiwa upande wa kwanza ulichimbwa kwa bute moja isiyosogea na kuacha 48 mm, upande wa pili utakuwa na 12 kamili kila mara, maana 48 kutoa 36 ni 12. Tofauti yote ya unene inabaki upande wa kwanza. Uweke uwe wa kuelekea ndani ya uma, ambako washa (pete bapa ya chuma) inaweza kufidia. Kigogo kinafanya pia mashimo mawili yawe kwenye mstari mmoja, jambo ambalo macho hayawezi.

Hata hivyo, sawazisha unene kwanza. Gurudumu la 58.9 mm lina 10.9 tu upande wa kwanza, rulma inachomoza. Mbao ikae ateliyeni ikauke, ndipo irandwe hadi 60 mm, na isiyofika 60 iende kwenye kazi nyingine.

Mwisho wa yote, tundu la kati lipanuliwe hadi 28 mm, baada ya mashimo ya rulma, kamwe si kabla. Kipimo hicho kinaacha pete ya ndani izunguke bila kusugua mbao na bado pete ya nje ina mahali pa kukalia. Washa ya ekseli isizidi 23 mm kwa nje, iguse pete ya ndani tu. Rulma igongwe kwa kipande cha bomba kinachokalia pete ya nje. Ukigonga ya ndani, golori zinachimba njia yake kabla gurudumu halijaona barabara.

Magurudumu manane ya kwanza hayakutupwa. La kwanza, la tatu, la tano na la nane, yenye shimo linalozidi 12, yalivishwa kwenye kigogo kama kawaida na kuchimbwa upande wa pili kwa bute ya 36. Rulma za upande wa kwanza zilizama kidogo, washa nene ikamaliza. La saba lilikuwa sawa upande wa kwanza, lakini kwa unene wa 59.4 upande wake wa pili ulitoka 11.4, na rulma ikachomoza 0.6, jambo linalovumilika. La sita, lenye 10.7, lilirudishwa mezani, meshi ikaingizwa kwenye shimo lake mashine ikiwa imezimwa ili ukingo ujipange, likafungwa kwa klampu, likaongezwa 1.3. La nne na la pili yalikuwa membamba. Hayo yalichimbwa hadi 12 kwa njia hiyohiyo, kisha upande wa pili ukachimbwa 12 kutoka usoni, na tuyo zake zikakatwa peke yake, 35.6 na 34.9, zikaandikwa namba ya gurudumu kwa kalamu ili zisichanganywe na za 36.